Jeti ya Pailoti: Kitundu Kidogo Kinacholinda Vifaranga

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya kitu kidogo sana, kidogo kuliko punje ya mtama, lakini kikiharibika unaweza kupoteza vifaranga wote kwa usiku mmoja, na hata maisha ya watu wa nyumbani mwako. Kitu hicho ni jeti ya pailoti katika vifaa vinavyotumia gesi ya mtungi.

Wafugaji wengi wa kuku siku hizi wanalea vifaranga kwa bruda ya gesi. Wengine wana friji ya gesi ya kuhifadhia chanjo ya mdondo, kwa sababu umeme haujafika au unakatika mara kwa mara. Vifaa hivi ni vizuri, lakini vina siri moja: moto wao unapitia katika kitundu chembamba, na kitundu hicho lazima kiwe cha kipimo chake, si zaidi wala si pungufu.

Pailoti ni nini?

Pailoti ni mwali mdogo unaowaka wakati wote ndani ya bruda. Kazi yake ya kwanza ni kuuwasha moto mkubwa. Banda likipoa, kifaa cha kupima joto hufungua gesi ya moto mkubwa, na pailoti huiwasha mara moja. Banda likipata joto la kutosha, moto mkubwa huzimika, lakini pailoti hubaki ikingoja. Kwa hiyo mfugaji hana haja ya kuamka usiku na kibiriti.

Kazi ya pili ni ulinzi. Karibu na pailoti kuna kijiti cha madini ambacho mafundi hukiita themokopo. Ncha yake ikichomwa na mwali, kijiti hicho hutoa umeme kidogo mno, kama sehemu 30 tu katika 1,000 za volti moja. Huwezi kuusikia kwa mkono, lakini unatosha kuishika valvu ya gesi ibaki wazi. Pailoti ikizimika, kijiti hupoa, umeme unakwisha, na valvu hujifunga yenyewe. Hivyo gesi haiwezi kuendelea kumwagika bandani bila moto. Pailoti basi ni mlinzi wa zamu, na themokopo ni filimbi yake.

Na jeti ni nini? Ni kipande kidogo cha shaba ya njano chenye kitundu katikati. Mafundi wengine hukiita nozeli. Gesi yote ya pailoti hupita hapo. Kwa gesi ya mtungi, upana wa kitundu hicho mara nyingi ni karibu robo ya milimeta, yaani kama nywele tatu au nne zikilazwa sambamba. Ndiyo maana vumbi kidogo, utando wa buibui, au mabaki ya mafuta yaliyomo ndani ya gesi yanaweza kukiziba.

Kosa nililofanya mimi

Niruhusu nikueleze jambo lililonipata, maana ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Miaka michache iliyopita nilitembelea kikundi cha akina mama wafugaji. Walikuwa na vifaranga 300 wa siku nne, na bruda yao ilikuwa ikizimika kila baada ya saa chache. Nilifungua nikaona pailoti inawaka kidogo tu, kama mwali wa kibiriti kinachotaka kufa. Nikasema, "Kitundu kimeziba." Hapo nilikuwa sijakosea.

Kosa lilikuja baadaye. Niliomba sindano ya kushonea nikachokonoa. Zamani nyumbani kwetu tulikuwa na stovu ya mafuta ya taa ya kupampu, na ilikuwa na kisindano chake maalumu cha kuzibulia. Nikadhani mambo ni yale yale. Tulipowasha, pailoti ilitoa mwali mrefu. Akina mama wakafurahi, mimi nikapewa uji wa ulezi, nikaondoka nikijiona fundi.

Siku ya tatu asubuhi nilipata habari kwamba vifaranga 31 wamekufa. Nilirudi mbio. Nilikuta mwali wa pailoti ni wa manjano na unatoa moshi. Masizi yalikuwa yamejaa juu ya themokopo kama koti jeusi, na mwali haukuweza kukipasha kijiti joto sawasawa. Usiku valvu ilijifunga. Banda likapoa, vifaranga wakarundikana kutafuta joto, na wa chini wakakosa pumzi. Sindano yangu ilikuwa imekipanua kitundu. Mwenyekiti wa kikundi hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, kazi ya kubahatisha usije ukaifundisha." Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Wahenga walisema, mdharau mwiba, mguu huota tende. Mimi nilikidharau kitundu.

Kwa nini upana kidogo unaleta tofauti kubwa?

Ndugu mkulima, wewe unayemwagilia bustani unajua jambo hili. Bomba lenye upana mara mbili halitoi maji mara mbili, bali hutoa mara nne au zaidi. Gesi ni hivyo hivyo. Kinachohesabika ni eneo la kitundu, na eneo hukua haraka kuliko upana.

Tuchukue mfano. Kitundu chako ni cha milimeta 0.25. Umechokonoa mpaka kikawa milimeta 0.35. Umeongeza sehemu moja tu ya kumi ya milimeta, na kwa macho huoni tofauti. Lakini eneo limekuwa karibu mara mbili, na gesi inayotoka ni karibu mara mbili. Hewa inayoingia kuchanganyika nayo haikuongezeka kwa kiasi hicho. Gesi ya propani, kipimo kimoja, inahitaji vipimo 24 vya hewa ili iungue yote. Hewa ikipungua, gesi haiungui vizuri. Mwali huwa wa manjano, hutoa masizi, na mbaya zaidi, hutoa kaboni monoksidi.

Kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi, wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikana na damu na kuizuia kubeba hewa safi. Mtu huanza kuumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Wapo wafugaji wanaolala ndani ya banda ili wawaangalie vifaranga. Nakuomba, ndugu yangu, usilale humo. Lala chumba kingine na weka utaratibu wa kwenda kutazama. Na ukisikia kichwa kinauma ukiwa bandani, kisha kinapoa ukitoka nje, usimeze dawa tu na kurudi ndani. Fungua madirisha, zima gesi, na utafute sababu. Mtu aliyezidiwa mtoe nje kwenye hewa safi na mpeleke hospitali mara moja.

Gesi si moja

Watu wengi wanadhani gesi ni gesi tu. La hasha. Gesi ya mtungi ni propani na butani, au mchanganyiko wa hizo mbili. Gesi hiyo ina nguvu nyingi. Meta moja ya ujazo ya propani ina joto karibu mara mbili na nusu ya meta moja ya ujazo ya gesi asilia, kama ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Kwa hiyo jeti ya gesi asilia ina kitundu kikubwa, na jeti ya propani ina kitundu kidogo.

Kwa nini nakueleza hayo? Kwa sababu vifaa vya mitumba kutoka Ulaya na kwingineko huletwa kuuzwa huku, na vingine vilitengenezwa kwa gesi asilia ya bomba. Ukifunga kifaa kama hicho kwenye mtungi bila kubadilisha jeti, mwali utakuwa mkubwa kupita kiasi na unaweza kuunguza banda. Kabla ya kununua, soma kibati kilichopigiliwa nyuma au chini ya kifaa. Kitakuambia aina ya gesi na msukumo unaotakiwa. Kama kibati kimetoka au hakisomeki, afadhali uache.

Na kwa ndugu zetu wenye mitambo ya gesi ya samadi: hiyo nayo ni gesi nyingine. Kwa kawaida karibu sehemu 60 katika 100 ni methani, na nyingi iliyobaki ni hewa ya ukaa isiyoungua. Nguvu yake ni ndogo sana ukilinganisha na propani, na katika mitambo mingi msukumo wake hubadilika kufuatana na wingi wa gesi iliyomo. Jeti yake ni pana zaidi. Jiko la gesi ya samadi usilifunge kwenye mtungi hata kwa siku moja ya dharura. Na bruda ya mtungi ukiifunga kwenye gesi ya samadi bila jeti zake, utapata kimwali kisichoweza kumpasha moto hata kifaranga mmoja.

Jinsi ya kutambua ugonjwa wa pailoti

Mganga mzuri hupima kabla ya kutoa dawa. Usikimbilie kununua jeti. Kwanza tazama mambo haya.

Pailoti haiwaki kabisa. Je, mtungi una gesi? Koki imefunguliwa? Mpira haujakunjika? Kama hayo yote ni sawa, huenda jeti imeziba kabisa.

Pailoti inawaka buluu lakini ni ndogo na haifiki kwenye themokopo. Hii ndiyo dalili kubwa ya jeti iliyoziba nusu. Lakini hakikisha kwanza mtungi haukaribii kwisha.

Pailoti ni ya manjano, laini, inayumba. Mara nyingi tundu la kuingizia hewa limejaa vumbi la maranda au utando wa buibui. Safisha tundu la hewa kabla ya kuigusa jeti.

Pailoti ni ndefu, ya manjano na ina masizi. Kitundu ni kikubwa mno, au jeti si ya gesi hiyo, au regulata inatoa msukumo mkubwa kuliko unaotakiwa. Zima mara moja.

Pailoti ni nzuri, ya buluu, inaigonga ncha ya themokopo, lakini ukiachia kitufe inazimika. Hapo jeti haina kosa. Kosa ni themokopo au valvu. Ukibadilisha jeti utapoteza fedha zako bure.

Pailoti inazimika wakati wa upepo tu. Tatizo ni banda. Weka kinga ya upepo, lakini usizibe njia za hewa.

Kusafisha na kubadilisha jeti

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ifanye mchana, nje ya banda, wakati vifaranga wamepewa joto kwa njia nyingine. Ikiwa hujawahi kushika spana, mwite fundi wa gesi, nawe simama umtazame. Valvu ya mtungi na ndani ya regulata usifungue kamwe, hata kama wewe ni fundi wa baiskeli. Hizo si sehemu za kutengenezea nyumbani.

Kwanza, funga koki ya mtungi. Acha moto ufe wenyewe. Vua mpira upande wa mtungi na peleka mtungi mbali. Ngoja kifaa kipoe kabisa.

Pili, fungua jeti kwa spana inayoenea barabara. Tumia spana mbili, moja ishike na nyingine ifungue, ili bomba jembamba lisijipinde. Tandika kitambaa cheupe chini. Jeti ikianguka ndani ya maranda, ndugu yangu, hutaiona tena.

Tatu, itumbukize jeti katika kikombe kidogo cha spiriti kwa muda wa nusu saa, mbali na moto. Isugue nje kwa mswaki laini. Kisha ipulize kwa pampu ya baiskeli iliyo safi, ukianzia upande ambao gesi hutokea, ili uchafu urudi ulikotoka. Iangalie dhidi ya mwanga wa jua. Kitundu kizuri kitaonekana kama nyota moja ya mviringo. Kikiwa na pembe au kimechanika, jeti imekufa.

Nne, usichokonoe. Usitumie sindano, waya, pini, mwiba wala unywele wa ufagio. Shaba ya njano ni laini kuliko chuma cha sindano. Ukitia sindano, ama utakipanua kitundu, ama utavunja ncha humo ndani. Nimekwisha kukusimulia yaliyonipata.

Tano, kama haizibuki au imechanika, nunua mpya. Nenda dukani na jeti ya zamani mkononi, pamoja na jina la mtengenezaji na nambari ya aina ya kifaa uliyoinakili kutoka kwenye kibati. Jeti nyingi zina nambari ndogo iliyogongwa ubavuni. Lakini jihadhari: nambari hiyo haina maana moja kwa watengenezaji wote. Kwa mmoja, 25 ni upana wa kitundu kwa sehemu za 100 za milimeta. Kwa mwingine, ni alama yake tu ya kiwanda. Kwa hiyo usinunue kwa kulinganisha nambari peke yake. Nunua jeti iliyotengenezwa kwa kifaa chako na kwa gesi yako. Muuzaji akikuambia, "Chukua hii, zinafanana," mwambie asante na uende duka jingine. Kufanana kwa umbo si kufanana kwa kitundu.

Sita, wakati wa kufunga, anza kwa vidole mpaka meno yashikane vizuri, kisha malizia kwa spana bila kutumia nguvu nyingi. Usizungushie jeti ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Vipande vyake hukatika na kuingia katika kitundu kile kile ulichotaka kukizibua.

Saba, pima uvujaji. Rudisha mpira, fungua koki ya mtungi, na paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likifura na kutoa mapovu mapya, gesi inavuja. Funga, kaza, pima tena. Kamwe usipime kwa kiberiti. Kumbuka pia kwamba propani ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Ikivuja haipandi juu ikatoka darini, bali hutambaa chini na kujaa mashimoni na kwenye pembe za banda, pale walipo vifaranga. Ikifika karibu sehemu 2 katika 100 za hewa, cheche moja inatosha kuilipua.

Nane, washa na tazama mwali. Mwali mzuri ni wa buluu, umetulia, haungurumi, na umeifunika ncha ya themokopo kiasi cha sentimeta moja. Shikilia kitufe kama nusu dakika kabla ya kukiachia.

Tisa, mjaribu mlinzi. Pailoti ikiwa inawaka vizuri, funga koki ya mtungi na usikilize. Moto utakufa, na kwa kawaida baada ya dakika moja hivi utasikia sauti ndogo, "tak." Hiyo ni valvu inajifunga. Usipoisikia hata baada ya dakika mbili, usiirudishe bruda bandani. Mpelekee fundi.

Kumi, kabla ya kuwasha tena moto wowote uliozimika wenyewe, ngoja angalau dakika tano na ufungue madirisha. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe kitu chochote, hata taa ya umeme. Harufu ile mbaya imetiwa makusudi kiwandani ili ikuonye, maana gesi yenyewe haina harufu kubwa. Iheshimu.

Maswali ya wasikilizaji

Msikilizaji mmoja wa Njombe anauliza: "Kwetu ni milimani na baridi ni kali. Je, nipanue kitundu kidogo ili moto uwe mkubwa?" Jibu ni hapana, na tena hapana. Milimani hewa ni nyepesi kuliko pwani. Moto wenye gesi nyingi utakosa hewa ya kuunguzia hata zaidi kuliko ungekosa Tanga. Kama joto halitoshi, punguza ukubwa wa duara la kulelea, ongeza maranda yawe mazito, ziba ufa wa chini wa mlango, au ongeza bruda ya pili. Na acha matundu ya hewa ya juu wazi.

Mwingine anauliza kama anaweza kutumia regulata ya jiko la kupikia kwenye bruda. Regulata za majiko ya nyumbani nyingi hutoa msukumo mdogo, wa millibari 30 hivi. Bruda nyingine zinataka huo huo, nyingine zinataka mkubwa zaidi. Soma kibati. Jeti na regulata ni mume na mke, wanapimwa pamoja. Jeti sahihi kwenye msukumo usio wake haitatoa mwali sahihi.

Wa tatu, mama mmoja, anauliza habari za friji ya gesi. Katika friji nyingi za namna hii moto wenyewe ni mdogo kama pailoti, na ndio unaofanya kazi yote ya kuleta baridi. Masizi yakijaa kwenye bomba la moshi, au jeti ikiziba, baridi hupungua. Chanjo nyingi za kuku hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi. Ukiona baridi imepungua, usiongeze gesi tu. Tazama mwali. Na chanjo iliyopata joto usiitumie kabla ya kumwuliza mganga wa mifugo, kwa maana unaweza kuchoma sindano kuku wote na mdondo ukaja ukawamaliza vile vile.

Kinga ni bora kuliko tiba

Kila unapomaliza kundi moja la vifaranga, safisha bruda kabla ya kuihifadhi. Puliza vumbi, futa masizi, kisha ifunge ndani ya mfuko safi na ufunge mdomo wa mfuko kwa kamba. Buibui hupenda sana mabomba membamba, na utando mmoja unatosha kuizuia hewa. Angalia mpira wa gesi. Ukiwa umepasuka, umekauka au tarehe yake imepita, ubadilishe. Usiufunge kwa kamba ya mpira wa baiskeli.

Nunua jeti ya akiba mapema, iweke katika kichupa kidogo chenye mfuniko, na uandike juu yake jina la kifaa na aina ya gesi. Kikundi chenye bruda moja au mbili kinaweza kuchanga na kuwa na akiba hiyo. Tena weka mkaa na majiko mawili tayari, kwa ajili ya kusaidia saa chache tu, katika banda lenye hewa ya kutosha, hata kama gesi haijawahi kukusumbua.

Na kila siku, kabla ya kulala, wasome vifaranga wako. Katika wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi pale walipo chini, na baada ya hapo unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wakirundikana chini ya bruda na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema, wana joto. Wakijikusanya upande mmoja, kuna upepo. Wakitawanyika, wakila na kulala kwa raha, basi joto ni sawa. Lakini wakizubaa na kusinzia wote mchana kweupe, nawe kichwa kinakuuma, fungua milango kwanza, maswali baadaye.

Ndugu mkulima, yule mwenyekiti wa kikundi alinunua jeti mpya. Tuliifunga pamoja, nami safari hii sikugusa sindano. Alijifunza kupima kwa povu na kusikiliza ile sauti ya "tak." Kundi lililofuata la vifaranga 300 alipoteza wanane tu, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa baridi. Ile jeti ya zamani niliyoiharibu ninayo mezani kwangu chuoni. Wanafunzi wakija, huwapa waitazame juani kabla sijawaeleza chochote, na karibu wote huniambia, "Mbona ni nzima?"

Basi na wewe, kesho asubuhi, kabla hujaenda shambani, piga magoti mbele ya bruda yako utazame rangi ya mwali. Kama ni buluu na umetulia, mshukuru Mungu na uendelee na kazi. Kama ni wa manjano, unajua la kufanya, na unajua la kutofanya.